Trekta Iliyozimika Mteremkoni

Iko siku moja, mwanangu, ambayo ningependa initoke kichwani, lakini haitoki. Kila nikianza kuisimulia najikuta naanzia palepale: baba yangu amesimama mbele ya kanisa letu baada ya misa, kofia mkononi, na watu wamenyamaza wakingoja aseme jina la mtu.

Wakati ule hatukuwa hapa Bunia. Tulikuwa bado kwetu, upande wa Djugu, kwenye vilima vya viazi na maharagwe. Mimi nilikuwa kijana, nimeoa karibuni, na nilikuwa nimetoka kujifunza ufundi wa magari katika gereji moja ya hapa mjini, mtaa wa Bigo. Nilirudi nyumbani na sanduku la spana, na kila mtu aliyekuwa na kitu cha chuma kilichokufa alinitafuta. Hata cherehani waliniletea.

Baba alikuwa mkubwa wa chama chetu cha wakulima. Chama kilikuwa na trekta moja, nyekundu iliyopauka, ya zamani sana, iliyoachwa na mwenye shamba mmoja aliyeondoka nchini kabla mimi sijazaliwa. Ilikuwa inatumia petroli, si mazutu, yaani dizeli, kama trekta za leo, kwa hiyo ilitegemea cheche ya umeme ili iwake. Cheche ikikosekana, ni chuma tu kama mlango wa bohari. Lakini ikiwaka, ilikuwa inalima mashamba ya vilima viwili, chetu na kile cha ng'ambo ya mto, na watu wa pande zote mbili walikuwa wameichangia.

Dereva wake aliitwa Zakaria. Alikuwa mtu wa ng'ambo, lakini aliishi kwetu, nyumba yake karibu na banda la trekta, na mke wake Rebeka alikuwa mja mzito. Zakaria na baba walikuwa marafiki wa kweli. Waliezeka pamoja bati la kanisa. Alimwita baba yangu yaya, yaani kaka mkubwa, na baba alipougua homa kali mwaka mmoja, Zakaria ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani. Nakueleza haya ili usifikiri kwamba baba yangu alikuwa mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Jambo hili lingekuwa jepesi kwangu kama angekuwa mbaya.

Msimu ule wa kulima trekta ilianza kuzimika. Inalima vizuri, inakata udongo, halafu ghafla inanyamaza. Zakaria anashuka, anafungua kifuniko, anagusagusa, anangoja. Wanaisukuma hadi mahali pa tambarare, anazungusha tena, inawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Kesho yake tena. Mvua zilikuwa zimeanza, mbegu za viazi zimechipua ndani ya magunia, nyingine zinaoza, na akina mama walikuwa wanapita mbele ya nyumba yetu wakiangalia chini, hawasalimii.

Sasa sikiliza vizuri. Trekta ilikuwa inazimika upande wetu tu. Ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya ndugu zake Zakaria, ilikuwa inalima kutoka asubuhi hadi jua kushuka bila kukohoa. Ikivuka kuja kwetu, inazimika. Watu waliliona hilo, na kila mtu aliyeliona alikwenda kulisema kwa mwingine. Tayari kulikuwa na maneno ya zamani kati ya vilima vile, maneno ya mipaka ya mashamba, na mtu akitafuta sababu ya kuyafufua hakosi. Wakaanza kusema Zakaria analimia ndugu zake kwanza, sisi anatuachia njaa. Wakasema amefundishwa. Wakasema kuna kitu anachokifanya kwa mkono akiwa pale juu ya kiti, hakuna anayekiona.

Baba aliniita. Akaniambia niipime trekta, nimweleze ina nini.

Nilishinda nayo bandani siku nzima. Nilianzia kwenye betri, nikasafisha vichwa vyake vilivyoota unga mweupe, nikakaza nyaya. Nikapima kontakti, pale ufunguo unapoingia. Nikapima bobini, ile inayoukuza umeme wa betri mpaka uweze kuruka. Nikafungua delko, ambayo kazi yake ni kugawa cheche kwa kila buji, yaani plagi, nikazipiga msasa platini zake, vile vichuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Mwisho nikatoa buji, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikamwomba Zakaria azungushe. Cheche ikaruka, ya buluu, yenye nguvu. Tukaangaliana naye tukacheka. Trekta ikawaka, ikanguruma palepale bandani hadi jioni.

Baba alikuja kusimama mlangoni.

"Umeona nini?"

"Baba, hapa inawaka muzuri," nikamjibu. "Lakini haizimagi hapa. Inazimaga kule juu, kwa mashamba yetu. Kesho kutwa acha tuipeleke kule, izime, njo niipime ikiwa imekufa."

"Betri uliangalia?"

"Ndiyo, Baba."

"Bobini?"

"Ndiyo."

"Na haukuona kitu."

"Sijaona bado. Si kusema hakuna."

"Basi," akasema, akaondoka.

Nilikuwa nimemwambia wazi kwamba kazi haijaisha. Lakini baba alikuwa na chama kizima mgongoni, na kesho yake ilikuwa Jumapili, siku watu wote wangemkuta mahali pamoja na kumtaka jibu. Nadhani alikwisha kuwa na jibu moyoni kabla hajafika bandani, akawa anatafuta wa kumthibitishia tu.

Ndipo tunafika mbele ya kanisa. Baba alizungusha kofia yake mikononi, akasema, "Mutoto yangu ameipima mashini. Mashini ni nzima. Sasa kama mashini ni nzima, na inazima tu kwa mashamba yetu, shida iko kwa mutu anayeishika."

Hakutaja jina. Vichwa vyote viligeuka vyenyewe. Zakaria alikuwa amesimama pembeni na Rebeka, amevaa koti lake la Jumapili, na nilimwona akimtazama baba yangu kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Mimi nilipaza sauti, nikasema, "Baba, sikusema vile!" Lakini vijana walikwisha kuanza kupiga kelele, na sauti yangu haikufika popote.

Mchana ule walikwenda nyumbani kwake. Walirusha mawe juu ya bati, wakamwambia jua lisizame akiwa pale. Zakaria hakubishana nao. Alifunga godoro kwenye baiskeli, akampa Rebeka sufuria na nguo abebe, na mvua ilikuwa inanyesha. Kabla ya kuondoka alipita kwetu. Aliingia na maji yanamchuruzika, akasimama mbele ya baba, akanyoosha mkono.

"Yaya, funguo njo hii. Miye sikufanya kitu. Weye unanijua."

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti. Hakuinua macho.

"Weka pale mezani," akasema.

Zakaria akaweka. Alisimama kidogo, akingoja labda neno jingine, kisha akatoka. Mimi nilimfuata hadi njiani, nikamshika mkono, nikamwambia angojee, nitaipeleka trekta mteremkoni, nitaipata shida yake. Akaniambia, "Rebeka hawezi kulala hapa leo, mwanangu. Umeona zile jiwe." Wakashika njia ya kwenda Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu, yeye anasukuma baiskeli, mkewe nyuma anateleza kwenye matope. Kabla giza halijaingia vijana walikuwa wamekwisha kuvua bati la nyumba yake.

Jumatatu sikuomba ruhusa. Nilichukua ufunguo mezani, nikaiwasha trekta, nikapanda nayo kwenye shamba letu la juu. Watu wa chama walinifuata kwa furaha, majembe begani, kwa sababu waliamini shida imekwisha kwenda zake na baiskeli. Baba alikuja pia, akasimama kwenye ukingo wa shamba. Nilishusha jembe, nikaanza kulima nikipita ubavuni mwa kilima, trekta imeinamia kushoto kama inavyoinama kila siku pale.

Haikufika mwisho wa mstari. Ilikohoa, ikanyamaza.

Mwanangu, nimesikia risasi maishani, nimesikia vilio, lakini kimya cha pale sijakisahau. Niko juu ya kiti mimi, mtoto wa mkubwa wa chama, mikono yangu yote miwili kwenye usukani na kila mtu anaiona. Zakaria yuko mbali. Na trekta imekufa vilevile, mahali palepale. Nilimsikia mwanamke mmoja akisema polepole, "Yesu."

Walitaka kuisukuma hadi tambarare kama kawaida. Nikakataa. Nikawaambia mtu asiiguse, ibaki ilivyolala. Nikachukua taa yangu ndogo ya kupimia, nikaanza tena kutoka kwenye betri. Betri ilikuwa na umeme, taa iliwaka. Kwenye kontakti iliwaka. Umeme ulikuwa unaingia kwenye bobini, taa iliwaka. Nikaweka kipande cha karatasi ngumu katikati ya platini zisigusane, nikapima upande wa pili wa bobini, ambapo taa ilipaswa kuwaka pia. Haikuwaka. Nikaufuata waya mwembamba unaotoka pale kwenda delko, nikauchomoa upande wa delko. Bado giza. Basi shida ilikuwa ndani ya waya wenyewe, urefu wa mkono wa mtoto. Niliupitisha kidole taratibu, na nilipofika mahali ulipolalia ukingo wa chuma, nikauinua kidogo, taa ikawaka. Nikauachia, ikazimika.

Kibano kilichoushikilia ule waya kilikuwa kimeanguka, sijui lini. Kwa hiyo ulining'inia. Trekta ikiwa imekaa sawa, haukugusa kitu. Ikiinamia kushoto, ulilalia ukingo wa chuma, na kwa miezi ya kutikisika plastiki yake ilikuwa imelika hadi shaba ikaonekana, ndogo kama jicho la sisimizi. Shaba ikigusa chuma, umeme wote unapotelea kwenye mwili wa trekta, na buji inabaki bila cheche. Mashamba ya ng'ambo yako bondeni, chini ya kilima chao, ni tambarare. Yetu ni mteremko. Hakukuwa na siri nyingine yoyote. Hakuna mkono wa mtu uliokuwa umefanya hivyo.

Nilimwita baba aje aone. Alikuja, akainama, akatazama. Nikamwonyesha mara mbili, waya juu, waya chini.

Nyuma yake alikuwa amefika mama yake, nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Tate. Alikuwa mzee sana, hakuwa anatoka nje mara nyingi, lakini siku ile alipanda hadi kule juu akijishikilia kwenye fimbo. Alimwambia mwanawe mbele ya watu wote, na hakupaza sauti.

"Jana ulikuwa na haraka ya kupata jina. Haukukuwa na haraka ya kujua. Mutoto yako alikuambia ungoje, ukamunyamazisha. Ule mutu alikubeba mugongoni, ukashindwa hata kumuangalia kwa macho. Nilikuzaa miye, na leo niko na haya. Enda umutafute."

Kisha akawageukia vijana waliokuwa wamevua bati, akawatazama mmoja mmoja, wakaanza kutawanyika.

Nilifunga waya mpya, nikatengeneza kibano kingine, na trekta ililima msimu wote bila kusumbua. Watu walipanda viazi vyao. Lakini hakuna aliyeimba shambani mwaka ule.

Mimi na baba tulikwenda Mongbwalu. Barabara unaijua ilivyo. Tulipanda lori, lori likakwama, tukatembea. Tuliuliza kwenye machimbo, kwenye makanisa, hata kwa Waislamu wanaonunua dhahabu karibu na msikiti wao, mpaka mtu mmoja akatuelekeza. Tulimkuta Zakaria amekaa chini kati ya wanaume wengine, anaponda mawe kwa nyundo, vumbi jeupe hadi kwenye kope. Alipomwona baba alisimama. Alifuta mkono kwenye suruali kabla ya kumsalimia. Akatupeleka kwenye kibanda chake cha turubai, Rebeka akatuwekea chai.

Baba hakuigusa chai. Alisema, "Nimekuja kuomba musamaha. Ilikuwa waya."

"Waya gani?" Zakaria aliniuliza mimi, si baba. Aliuliza kama dereva.

"Ile ya kutoka bobini kuenda delko," nikamwambia. "Ilikuwa inagusa chuma, ukiinamia kushoto."

Alitikisa kichwa polepole. "Njo sababu ilikuwa inakohoa. Kila mara mbele ya kuzima, inakohoa kidogo, na ni kushoto tu. Nilikuwa naisikia. Kama ningeulizwa, ningesema." Akamtazama baba. "Hakuna mutu aliniuliza, yaya."

Baba akasema arudi, chama kitamjengea nyumba, kila mtu anamngoja. Ndipo Rebeka, aliyekuwa ameinama kwenye jiko, alipozungumza bila kugeuka. "Mutoto alibaki njiani," akasema. Nikauangalia mwili wake, na nikaona kile ambacho nilipaswa kukiona tangu tulipoingia. Walikuwa wamemzika mahali fulani kando ya njia ile, chini ya mvua, hawakuwa na jembe.

Baba alipiga magoti kwenye udongo wa kibanda kile. Sikuwahi kumwona baba yangu amepigia mtu magoti. Zakaria alimshika mabega akamwinua, akamkalisha tena.

"Nimekusamehe, na Mungu anasikia," alimwambia. "Lakini kurudi, hapana. Nikirudi, siku mashini itakohoa tena, batu bataniangalia. Nitakuwa naendesha nikiwa naogopa macho yao. Siwezi."

Tulirudi bila yeye. Baba aliacha ukubwa wa chama mwezi uleule.

Nao watu wa ng'ambo walisikia jinsi ndugu yao alivyofukuzwa. Hawakulipiza, lakini waliacha kuvuka mto. Hawakuja tena kwenye ndoa zetu wala kwenye matanga yetu, na watoto wa pande mbili wakakua bila kujuana majina. Vita ilipofika, kubwa kuliko sisi, ilitukuta tumekwisha kuwa wageni kwa wageni. Sisemi waya mmoja ulileta vita. Vita ilitoka mbali. Nasema tu kwamba siku ile tulipohitaji mtu wa ng'ambo wa kupiga hodi na kutuambia tukimbie, hakukuwa na aliyekuwa na sababu ya kuja. Trekta tuliiacha bandani, ikachomwa pamoja na banda. Tate alifia mwituni. Baba alifia hapa Bunia, kwenye kambi, chini ya turubai.

Nimekuita leo, mwanangu, kwa sababu juzi niliwasikia wewe na wenzako hapa uani. Mlikuwa mnasikiliza sauti zinazotumwa kwenye simu, na mmoja wenu akataja jina la jirani yetu, eti yeye ndiye anayewapa habari watu wa porini wenye bunduki, kwa sababu kila wanapokuja kushambulia hawafiki kwake. Nawe ulisema, "Labda ni kweli." Sikulala vizuri.

Kwa hiyo nikuambie nilichojifunza, nawe ukichukue kama kazi ya fundi. Kitu kikiharibika kati ya watu, usianze na mtu. Anza mahali umeme unapotoka, fuata waya kidogo kidogo, na ukifika mahali ambapo hujui, simama useme hujui. Usione aibu kusema hujui mbele ya watu wanaokupigia kelele. Pima shida mahali inapotokea, si mahali unapojisikia salama. Kama jambo linaonekana kumwangukia mtu mmoja kila mara, tafuta kwanza mteremko uko wapi, kabla hujatafuta ubaya wake. Na kabla ya yote, mwendee huyo mtu mwenyewe, kaa naye, mwulize. Huenda amekuwa akisikia kikohozi siku zote, naye anangoja mtu wa kumwuliza. Na wakubwa wako wakitaka jina kwa haraka, hata kama mkubwa huyo ni mimi, nikatalie kwa heshima, na usinipe.

Jirani yule anaitwa Baba Floribert. Ana watoto na anakohoa kifua. Kesho asubuhi nenda kamsalimie.

Mungu wa babu zako akupe masikio ya kusikia na mdomo unaojua kungoja. Akulinde na mikono ya watu, na mikono yako aiepushe na damu na bati la nyumba ya mwenzako. Akujalie mke na watoto ambao hawatatembea usiku wala mvuani kwa sababu ya neno la mtu. Na siku moja, mimi nisipokuwepo, akurudishe kwetu, uvuke mto ule kwa miguu, na mtu wa ng'ambo akufungulie mlango. Amina, mwanangu.